Pampu Ilikuwa kwa Kaka

Tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, kabla ya jua kuchomoza, kaka yangu alifariki nyumbani kwetu Likoni. Adhuhuri ya siku hiyo tukamzika. Tulizaliwa wawili tu, na sasa nimebaki mimi.

Kila mwaka, baada ya mfungo, tulikuwa tukienda Kinango kwa baiskeli, kwa shangazi yetu. Huko ndiko baba alikozikwa, na shangazi humsomea hitma, Kurani nzima, juzuu kwa juzuu. Tulianza zamani, wakati nauli ilipokuwa taabu. Baadaye nauli ikapatikana, nasi tukaendelea na baiskeli. Tulilala kwake, kesho yake tukazungukia Mariakani na kurudi kwa njia ya Changamwe. Hatukuwa wasemaji njiani. Yeye mbele, mimi nyuma. Spana, viraka na gundi vilikaa kwenye mkoba wangu. Pampu ilikaa kwake, imebanwa kwenye fremu. Tairi ikitoboka, mimi hubandika, yeye hujaza. Mlima nao ulikuwa na sheria yake: wa kwanza kuteremka na kusukuma ndiye mnunuzi wa chai Kwale. Karibu miaka yote niliinunua mimi.

Mwaka huu shangazi alinipigia simu. Miguu haikumruhusu kuja mazikoni.

"Hitma ya safari hii ni ya baba yako na ya kaka yako," alisema. "Nimewaita majirani baada ya alasiri. Sitafungua sanduku la majuzuu mpaka wewe ufike."

Nikamwambia nitawahi, inshallah. Mke wangu alitaka nipande gari. Sikuweza kumweleza kwa nini sitaki, na hata leo siwezi vizuri.

Nilitoka jua limeshapanda. Nilikawia nyumbani bila sababu, nikikaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Kwale, niliteremka chini kabisa ya mlima, hata pumzi haijanibana. Hakukuwa na wa kunicheka. Nilisukuma. Katikati ya mlima mnyororo ukachomoka, ukabanana na fremu, nikauchokoa kwa kijiti mpaka mikono ikawa myeusi hadi viwikoni. Mwendesha bodaboda mmoja alipunguza mwendo.

"Mzee, leo nani kampanda mwenziwe?"

Nikamwambia baiskeli ndiyo imenishinda. Akacheka, akaenda zake. Kwale sikusimama kunywa chai.

Tairi ya nyuma ilitoboka nilipokwisha kuipita Kwale, mahali ambapo hakuna nyumba, vichaka tu pande zote mbili. Ulikuwa mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Kazi hiyo naijua. Nikapindua baiskeli, nikafungua gurudumu, nikatoa mpira, nikautafuta upepo kwa shavu. Nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikaingoja ikauke, nikabandika kiraka na kukikandamiza kwa kidole gumba. Nikaurudisha mpira ndani ya tairi. Kisha, bila kugeuka, nikanyoosha mkono nyuma nipewe pampu.

Mkono ulikaa pale kitambo. Nilijua mara moja, lakini sikuurudisha mara moja.

Kwetu vitu vya maiti havikai. Nguo za kaka na baiskeli yake alipewa mzee aliyemwosha. Mimi mwenyewe niliisukuma ile baiskeli mpaka mlangoni kwake, nikaifuta vumbi, nikamkabidhi. Pampu ilikuwa kwenye fremu. Sikuiona, kwa sababu siku zote ilikuwa pale.

Nikaanza kutembea, baiskeli mkononi, tairi ikipiga lami kama ndala. Jua likaegemea magharibi. Alasiri ikaingia nikiwa bado sijamwona mtu mwenye pampu. Nilikuwa nikiwaza watu wameketi mkekani kwa shangazi, na sanduku limefungwa kwa ajili yangu.

Mwishowe akaja mtu na baiskeli iliyopakiwa magunia matatu ya makaa, anaisukuma kupanda kilima nilichokuwa nikikishuka. Alikuwa rika langu. Tulisalimiana. Akaitazama tairi, akautazama mkoba wangu uliokuwa wazi.

"Viraka unavyo?"

"Ninavyo. Nimeshabandika."

"Na pampu huna? Bwana wee, wewe waenda kuoga na sabuni bila maji."

"Pampu ilikuwa kwa kaka."

"Na kaka mwenyewe yuko wapi? Kakukimbia mlimani?"

"Kafa," nikasema.

Akaiegemeza baiskeli yake kwa gongo, polepole, magunia yasianguke, akasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Akafungua pampu yake, akapiga goti, akajaza mwenyewe. Nilimwacha. Nilishika gurudumu tu, kama nilivyokuwa nikishika siku zote. Alipomaliza akaibonyeza tairi, akaniambia nipande upesi, maana kiraka kipya hakipendi kungojwa. Sijui kama hilo ni kweli.

Kiraka kilishika. Kilichovunjika baadaye ni pini ya pedali, kwenye kilima cha mwisho kabla ya Kinango, na hicho nacho nikakipanda kwa miguu.

Niliingia uani kwa shangazi wakati wa adhana ya magharibi. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na wengi waliokuwa wameikalia walikwisha kwenda kufunga mbuzi wao. Walikuwa wamebaki wanne na yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nenda kaoshe mikono hiyo."

Hakuuliza kilichonichelewesha. Tulisali, kisha akafungua sanduku na kugawa majuzuu. Watu walikuwa wachache, kwa hiyo kila mmoja alipata mengi, na sisi si wasomaji wepesi. Isha ilipoingia tulikuwa hata nusu hatujafika. Tulisali, majirani wakasoma tena kidogo, wakaomba dua, wakaniombea subira, wakaaga mmoja mmoja.

Nilibaki na juzuu moja mkononi, mengine mengi hayajasomwa. Shangazi alikuwa amelala palepale alipoketi, kichwa ukutani. Nikaisoma mpaka mwisho, kwa sauti ya chini nisimwamshe, nikairudisha sandukuni na kukifunga kifuniko.