Pawasaplai Niliyoinunua Bila Bambo

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu. Harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imechanganyika na vumbi la pumba za mpunga, nami nimesimama katikati ya ofisi, mikono kichwani, nikiitazama kompyuta inayofuka moshi. Siku hizi nikiikumbuka harufu hiyo nacheka peke yangu. Siku yenyewe sikucheka hata kidogo.

Jana umenipigia kutoka Lupiro, sauti karibu ikatike, ukasema kompyuta ya steshenari yako imegoma kuwaka, fundi kasema ni pawasaplai, na tayari umeiona moja kwenye simu, ina taa za rangi na bei ya kupendeza. Nikakuomba usinunue kitu mpaka nikuandikie. Basi haya ndiyo niliyotaka kukwambia. Keti uyasome taratibu, wateja hawatakimbia.

Wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, karani wa chama cha wakulima wa mpunga hapa Ifakara. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kilichopakana ukuta na mashine ya kukoboa. Mashine ikiwashwa, taa yetu inafifia; ikizimwa, taa inawaka hadi unafumba macho. Nilishazoea, wala sikufikiri kwamba kompyuta nayo inayapata hayo hayo. Ilikuwa kompyuta moja tu, na ufunguo wa chumba niliuvaa shingoni. Ungeniona nilivyokuwa natembea mjini enzi hizo ungezimia kwa kicheko. Nilijiona kama mkuu wa wilaya.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na orodha ya majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vyenye kingo za udongo. Vikao vitatu vya kugombana ndivyo vilivyoizaa: nani apate jaruba gani kwenye skimu ya umwagiliaji, nani awe karibu na mfereji, nani awe mkiani ambako maji yanafika kwa kusuasua. Namba kumi na nne, jirani kabisa na mfereji, ilikuwa ya Mama Leonsia, mjane kutoka Mbingu. Miaka yote alikuwa analima mkiani kwa sababu hakuwa na mtu wa kumpigia kelele kwenye vikao. Safari ile tulipiga kura ya vikaratasi, na bahati ikawa yake. Orodha ingesomwa Jumamosi mbele ya wanachama wote. Na mimi, kwa jinsi nilivyoiamini kompyuta, makaratasi ya kura nilikuwa nimeshayachoma moto, nikidai yanachafua meza.

Jumanne asubuhi nikabonyeza kitufe. Kimya. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote. Nikabonyeza tena na tena, nikaipiga kibao kidogo kama zinavyofanyiwa televisheni, nikamwita Fundi Hamisi.

Fundi Hamisi alikuwa mtu mzima aliyeanza na redio akaishia kwenye kompyuta, na hakuwa na haraka na jambo lolote. Alifungua ubavu wa kompyuta akapuliza, pumba zikatujaa usoni. Akachomoa nyaya za pawasaplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kifaa ndani. Akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, kuilazimisha iwake peke yake. Feni haikuzunguka.

"Hii imekufa, dada," akasema. "Na usije ukaifungua. Hata ukiichomoa ukutani, humo ndani umeme unabaki. Naagiza nyingine Morogoro, Ijumaa inashuka na basi."

Ijumaa! Niliiona mbali kama Krismasi. Jumatano nikaenda zangu dukani bila kumuaga mtu. Muuzaji, kijana mchangamfu, akanitolea boksi lenye feni ya taa ya buluu, na juu yake namba kubwa ya wati, kubwa kuliko ile aliyoitaja Fundi. "Dada, hii ndiyo mzigo wenyewe," akaniambia, "mbili za fundi wako hazifui dafu kwa hii." Nikalibeba kwa vidole viwili, jepesi kuliko mkate, na wepesi ule nikauhesabu kuwa ndiyo usasa. Nikalifunga mwenyewe, waya kwa waya. Kompyuta ikawaka, buluu tupu. Nilimpitia Fundi Hamisi kibandani kwake kwa makusudi, nimwambie asisumbuke na Morogoro. Alinitazama akasema, "Sawa, ila mimi nimeshaagiza."

Ningechapa orodha jioni ile ile yangekwisha. Sikuchapa. Nilikuwa naihamisha michoro ya maua kwenye ukurasa wa mbele, ipendeze.

Alhamisi, jirani wakawasha mashine. Taa ikafifia, ikarudi kwa nguvu, na chini ya meza pakalia pa! Ndiyo hiyo harufu niliyokutajia.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa mwenyekiti wetu, Mzee Kasiani. Alikuwa mnunuzi wa mpunga tangu ujana wake, na popote alipokwenda bambo lilikuwa mfukoni mwa koti: kile chuma chenye ncha unachochomea gunia, kikakuletea punje za ndani bila gunia kufunguliwa. Ndiye aliyenifundisha kulitumia nikiwa bado namsaidia mama yangu sokoni. Kompyuta hakuijua kabisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kimeungua nini humu?"

Nikamweleza. Akaniomba nimchomolee boksi lenyewe, akaliweka kiganjani, akalipandisha na kulishusha.

"Binti, mpunga unaununuaje?"

"Nachoma bambo, Mzee."

"Sehemu ngapi?"

"Juu, katikati na chini."

"Na hili ulichoma wapi?"

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nilisoma karatasi iliyobandikwa juu.

"Ulisoma maandishi ya gunia," akasema. "Mpunga wote wa bonde hili unalala kwenye magunia yaliyoandikwa mbolea. Kwa hiyo sisi tunakula mbolea?"

Mwanangu, ningeweza kucheka, ila swali lililofuata lilinimaliza. Aliuliza orodha iko wapi. Nikamwonyesha kompyuta. Akauliza makaratasi. Nikamwambia nimeyachoma. Mzee Kasiani hakupaza sauti, heri angepaza. Alilitia lile boksi kwapani, akasema, "Kura ikirudiwa, wenye sauti watagawana mfereji, unawajua. Jumamosi utasimama wewe, umweleze Mama Leonsia." Kisha akatoka. Nililia mpaka shingo ya gauni ikalowa, na sikulilia kazi. Nilimlilia yule mama, maana nilimwona siku ya kura alivyokishika kikaratasi chake kwa mikono miwili.

Ijumaa mchana basi likafika. Fundi Hamisi hakunisimanga, alinipa tu pawasaplai mpya niishike, na nusura iniponyoke kwa uzito. Nyaya zake zilikuwa nene. Wati zake zilikuwa chache kuliko za ile ya buluu, lakini karatasi yake ilieleza kila njia ya umeme inatoa kiasi gani, na jina la mtengenezaji lilikuwapo, na risiti ilikuwa na waranti ya mwaka mzima. Akaiwasha kwanza peke yake, akaipima kwa mita, akaiacha izunguke huku anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, namhesabia mafunda.

Mazabodi, lile bamba kubwa ambamo vifaa vyote vinachomekwa, ilikuwa imeungua. Ilibaki diski, ile inayotunza kazi zote zilizoandikwa. Akaifunga kwenye kompyuta yake mwenyewe, kwa pawasaplai ile nzito. Ikanguruma kidogo. Ikafunguka. Nikashuka na orodha mstari kwa mstari mpaka namba kumi na nne, na jina la Mama Leonsia lilikuwa palepale. Nilimkumbatia Fundi Hamisi mbele ya wateja wake, mtu mzima wa watu, akabaki ameshikilia bisibisi juu asinichome.

Tulichapa nakala tano. Jumamosi nilisoma orodha bila maua hata moja, na nilipofika kumi na nne Mama Leonsia akapiga kigelegele kilichosimamisha kikao. Halafu Mzee Kasiani akatoa lile boksi langu la buluu, akalipitisha mkono kwa mkono, kila mkulima alipime. Walicheka hadi machozi. Mimi nilicheka nao, na ufunguo sikuuvaa tena shingoni.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kabla hujanunua chochote, mwambie fundi awashe hiyo iliyokufa peke yake, msije mkamzika mzima. Safisheni vumbi. Ikithibitika imekufa, liinue kila boksi unaloonyeshwa, ila usiishie kwenye uzito, maana wapo wanaotia kipande cha chuma ndani, kama wanaotia mchanga kwenye gunia. Angalia unene wa nyaya, angalia kama karatasi inaeleza au inajisifu tu. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Akikunyima waranti, muage kwa heshima uondoke. Chukua yenye nguvu kuzidi kidogo mahitaji yako, na uweke stabilaiza ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka, kwa sababu Lupiro nako mashine za kukoboa zipo. Na kazi za watu, vyeti vyao na barua zao, ziwe na nakala mahali pengine kabla hujazipamba. Kompyuta ni yako, lakini yaliyomo ndani ni ya wengine, nao hawana habari kama unacheza na maisha yao.

Mjomba wako anavuka daraja kesho na pikipiki, amebeba kifurushi. Ndani utakuta boksi la chuma lenye feni ya buluu, limekufa zamani. Nenda nalo dukani. Lishike kwa mkono mmoja, na lile unalouziwa kwa mkono mwingine. Lile la fundi tulilitumia miaka mingi, lilizeeka kazini.

Mungu akuwekee mikono inayopima kabla ya kupokea, aizibe midomo ya wanaotaka kukupunja, na kila anayeingia dukani kwako na karatasi yake atoke nayo anatabasamu. Umeme ukikatika, ukukute umeshahifadhi.