Vitumbua vya Muosha Maiti

Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu, upande wa Kiuyu, nikapita mbele ya nyumba ya jirani yetu. Chuma chake cha vitumbua kilikuwa kimepinduliwa juu ya mafiga, kuku amekaa juu yake anajichokoa manyoya. Nilisimama pale hasira ikanipanda. Wewe hukuwahi kumjua jirani huyu, basi kaa nikuhadithie, maana ungekula vitumbua vyake hata mara moja tu ungekasirika pamoja nami.

Nilipokuwa mdogo, sauti ya kwanza niliyoisikia alfajiri ilikuwa ya mchi wake, anatwanga mchele aliouroweka tangu jana. Sisi wasichana tulipokezana mbuzi kumkunia nazi, na ujira wetu ulikuwa vile vitumbua vilivyoungua upande mmoja. Nakwambia, tulikuwa tukiomba viungue. Msimu wa karafuu wachumaji walijaa mlangoni kwake kabla hawajaingia mashambani, na harufu ya iliki na mafuta ya moto ikachanganyika na ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi. Twende chuoni na vidole vinanata, mwalimu atuchape kwa kuchafua msahafu, na kesho yake turudi kula tena.

Jirani huyo huyo ndiye aliyeosha maiti wote wa kike wa kijiji chetu. Asubuhi anatuuzia vitumbua, mchana akiitwa anachukua kifurushi chake cha majani ya mkunazi na kafuri anakwenda. Hakuna aliyeona ajabu. Bibi yangu, aliyekuwa shoga yake wa tangu ujana, alikuwa akisema mkono utakaomtoa duniani ndio huo huo anaotaka umlishe, kisha anacheka anachukua kitumbua kingine.

Halafu ukaja ule mwaka wa maradhi ya kifua. Nilikuwa mtu mzima nafanya kazi Wete, nikaletewa habari kuwa bibi hajiwezi, nikarudi kijijini. Siku ya nne akafariki. Wanawake waliokuja kuhani walisimama nje ya ua, mitandio imewaziba pua, na hakuna aliyetaka kuingia chumbani. Jirani aliingia peke yake. Nilimpelekea ndoo za maji mpaka mlangoni, nikaziweka chini, nikarudi nyuma. Mimi, mjukuu niliyelala kifuani pa bibi yule. Alimuosha shoga yake bila ya mtu wa kumsaidia kumgeuza, kisha akatoka akatuambia bibi yuko tayari.

Hazikupita siku kumi akaugua yeye. Mungu alimponya, lakini pumzi haikurudi yote. Akitoka jikoni kwenda kisimani anakaa njiani mara tatu. Mchi ulimshinda, akawa anapeleka mchele mashineni, anajikongoja kupika hivyo hivyo. Hakuna aliyenunua. Walisema maradhi yamebaki mikononi mwake. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake, na vitumbua vikaliwa na kuku mpaka akachoka kupika. Watu wale wale ambao mama zao aliwaosha kwa mikono hiyo hiyo! Wakifiwa wakawa wanaleta muosha kutoka vijiji vya mbali, na yeye yupo, mlango u wazi, anawaona wakipita.

Kisha akaja bwana mmoja na daftari, anaandika watu wa kusaidiwa mchele na mafuta. Aliandika waliofiwa. Jirani alipokwenda kuomba aandikwe, akaambiwa yeye kapona, amshukuru Mungu aende zake. Kwani nani alisema hashukuru? Alitakiwa afe kwanza ndipo apate kibaba cha mchele? Nikilikumbuka daftari lile natamani ningekuwepo nilichane. Lakini huyo bwana ni rahisi kumkasirikia, simjui hanijui. Hasira inayoniunguza hasa ni ya kujikasirikia mwenyewe. Miaka yote hii nikija kijijini nilikuwa nikimwachia sukari kibarazani na kumsalimia kutoka njiani, kisha narudi Wete najiona mtu mwema.

Safari hii niliingia. Nyumba ilikuwa kimya, kinu kimelazwa pembeni kina vumbi, na watoto waliokuwa wakicheza njiani hawajui hata kwamba humu kulikuwa na vitumbua. Mbuzi ya kukunia nazi sikuiona. Nilimkuta amekaa kitandani, amekonda. Aliniuliza hali za Wete, akanipa chai, nikainywa yote. Kisha akaniuliza, taratibu, maana pumzi yake haimruhusu haraka:

"Siku nkifa, mwanangu, n'nani wa kunosha?"

Nilimwambia tutamleta mtu, kama wanavyoletwa kwa wengine. Alitikisa kichwa. Alisema hao wa kuletwa wana haraka, na hapa kijijini hajamwachia mtu kazi yake, kwa sababu tangu alipougua hakuna mama aliyekubali binti yake akae naye ajifunze.

"Mie nshaosha kijiji kizima," akasema. "Staki kuoshwa na mtu nsomjua. Njoo nkufunze."

Akajilaza chali, akajifunika kanga tangu kitovuni mpaka magotini, akaniambia nijifunge kitambaa mkononi nianze na upande wa kulia. Nikauinua mkono wake. Ulikuwa mwepesi, lakini una joto kama mkono wa mtu yeyote aliye hai. Machozi yakanitoka, akadhani naogopa.

"Usiogope," akasema, macho ameyafumba. "Tangu nlipomuosha bibi yako, hakuna alonshika mkono huu."

Miaka yote hiyo, na ilibidi alale kama maiti ndipo mmoja wetu amguse.