NyaGondwe na Mama Mkwe wa Redioni

Haya hamtayaamini, wala sitawalaumu. Mimi nilikuwapo na bado nasitasita. Shemeji yangu NyaGondwe, mpishi wa shule ya sekondari hapa Bolero, aliwahi kunyimwa mkwe kwa makosa ya mtu asiyekuwapo duniani.

Kila mchana NyaGondwe husonga sima ya wanafunzi mia nne. Dirisha la jiko lake linatazamana na darasa la Mwalimu Msiska, anayefundisha fasihi kwa sauti ya mnada, basi kwa miaka kumi na mmoja mama huyu amepika na kusoma kwa mpigo. Anajua msuko, anajua kilele, na ukimchosha atakuita mhusika bapa: mtu kama mkeka, ukimgeuza upande wa pili unakuta yaleyale. Mimi ameniita hivyo mara mbili. Alikuwa na njaa.

Mwalimu alipoandika mchezo wa redio ya wilaya, alitafuta mtu wa kuigiza NyaMinga, mama mkwe anayemfungia mke wa mwanawe nje kwenye mvua. NyaGondwe akajaribu sauti. Mbwa wa mwalimu akaingia uvunguni. Tangu hapo, kila Alhamisi alasiri, wilaya nzima ya Rumphi ikawa inamchukia NyaMinga kwa furaha.

Kisha Khumbo, mwana wa pekee wa NyaGondwe, akampenda Towera wa kijiji cha Mhuju. Kwetu mke huja kuishi kwa mama wa mume, na Khumbo alishaapa: akimkosa Towera, atakwenda migodi ya kusini asirudi. Mshenga nikawa mimi, nani mwingine? Nilisema maneno matamu hata nyuki wakaja. Mambo yakanyooka, mpaka NyaLuhanga, bibi yake Towera, alipouliza mama wa kijana ni nani.

“NyaGondwe? Yule wa redioni?” Akatema mate pembeni. “Mjukuu wangu akalale mvuani? Rudi na ng'ombe wako, mzee, na huo mdomo wako usiusahau hapa.”

Nilipofikisha habari, NyaGondwe aliuacha mwiko umesimama wenyewe kwenye sima.

“Shemeji, hukuwaambia ni mchezo?”

“Niliwaambia. Wakasema mtu hawezi kutukana vizuri vile kwa mchezo.”

Hakucheka. Kesho yake akaenda Mhuju mwenyewe, jambo ambalo mama wa kijana hafanyi, akapiga magoti mlangoni.

“Bibi, yule NyaMinga ni mpinzani tu. Kazi yake ni kumzuia mhusika mkuu, la sivyo hadithi haina safari.”

“Mambo yenu ya shule siyajui. Kwa nini alimfungia yule binti nje?”

Karatasi za mwalimu hazikusema. Lakini NyaGondwe alikwisha kujijibu zamani, maana huwezi kumbebea mtu sauti yake mwaka mzima bila kujua alikotoka.

“Nadhani naye alifungiwa alipoolewa, bibi. Hakuna aliyemwonyesha mlango mwingine.”

“Mimi walinifungia siku mbili,” akasema NyaLuhanga. “Masika.” Akapenga kamasi kwa ncha ya kitenge. “Haya. Huyo wenu abadilike. Akimfungulia mkwe wake Alhamisi, na sisi tutafungua.”

Mwalimu Msiska alipoambiwa, alikuja juu. “NyaMinga akiwa mwema, mchezo umekufa!”

“Hafi, mwalimu, anakuwa mhusika duara, mwenye zaidi ya upande mmoja. Ulifundisha mwenyewe, siku ile maharage yangu yaliungua kwa kukusikiliza.”

“Soma kilichoandikwa!”

Alhamisi, pale studioni, karatasi zikasema mlango ubaki umefungwa. NyaGondwe akazisoma hadi hapo, akaziweka chini. Akasogea kwenye ule mlango mdogo wa mbao wanaoutumia kwa milio ya kufungua na kufunga, akavuta komeo.

“Ingia, mwanangu,” akasema, kwa sauti yake mwenyewe safari hii. “Mvua hii naijua.”

Mwalimu alifungua kinywa amkemee, akajikuta anatafuta leso. Kule Mhuju, NyaLuhanga alizima redio na kumwambia Towera aanze kufunga mizigo yake. Na Bolero yetu? Ililia! Soko likafungwa, mto Rukuru ukapanda hatua tatu, na siku ya mahari ng'ombe wetu wote arobaini wakapiga magoti mbele ya bibi, wakaanza ku—

“Wanne, shemeji,” anasema NyaGondwe, akisoma ninachoandika, juu ya bega langu. “Na mmoja alikuwa chongo.”