Krenki Mbili, Kitambaa Kimoja

Sista wa wodi hii amenituma nizungumze nanyi wagonjwa wake kwa sababu mguu wangu bado uko. Wengine aliowatuma kabla yangu walikuja na Biblia. Mimi nimekuja na mguu. Utazameni vizuri, huu wa kulia. Ni mfupi kwa vidole vitatu, si macho yenu yanayowadanganya, na hilo bonde kwenye muundi ndipo walipotoa mfupa uliooza. Wewe mzee uliyekunja uso, harufu ilikwisha zamani, kaa tu.

Naitwa Etyang. Ni fundi wa baiskeli pale Malaba, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa maneno mengi. Ukiniletea baiskeli iliyopitia kwa fundi mwingine, nilicheka kwanza, ndipo nikakuuliza shida. Nilikuwa na neno langu moja: imeshika. Nikikaza nati, imeshika. Nikiziba pancha, imeshika. Wateja wakaniita Fundi Imeshika, na mimi nikavimba kichwa.

Siku hizi kuna baiskeli nyepesi za mtumba zinazoingia kutoka upande wa Uganda. Nyeusi, unainua kwa vidole viwili. Krenki yake, ule mkono unaobeba pedali, si chuma kitupu. Nje ni kaboni, kitu kigumu cheusi, na ndani yake wamegandisha bushi ya alumini ambamo pedali hufungwa. Kinachoishikilia bushi hiyo ni gundi tu. Maji na jasho yakipenya, alumini hutoa unga mweupe, gundi huachia, na krenki huanza kulia tik, tik kila ukikanyaga. Fundi mwenye akili husema tupa, tafuta nyingine. Mimi nilisema lete.

Alasiri moja niliunga krenki mbili. Moja ya baiskeli yangu mwenyewe, nyingine ya Mwalimu Felista, anayefundisha chekechea karibu na Amagoro na kuendesha baiskeli kila asubuhi kwenda huko. Niling'oa bushi, nikapiga msasa, nikachovya kitambaa kwenye petroli nikapangusa zote mbili. Petroli yenyewe mnaijua, ile ya madumu inayovushwa kwa njia za panya. Wauzaji huichanganya na mafuta ya taa, kila mwenye pikipiki kwetu analijua hilo, moshi humwambia. Mimi pia nilijua. Sikulifikiria tu. Mafuta ya taa huacha utelezi, na juu ya utelezi huo nikapaka ile gundi ya mirija miwili. Kulipokucha ilikuwa ngumu kama jiwe. Niligonga kwa spana, ikajibu vizuri.

"Fundi, uko sure?" Mwalimu aliniuliza. "Hapa ndio nasimama na uzito yangu yote."

"Mwalimu, hata tembo apande. Imeshika."

Siku ya nne yangu iliachia. Nilikuwa nimesimama juu ya pedali, nakimbilia kupita kati ya lori na mtaro kabla foleni haijasogea. Bushi ikachomoka pamoja na pedali. Mguu ulienda chini peke yake, ukaingia mtaroni, na mimi na baiskeli tukaangukia upande wa pili. Nilisikia mlio kabla ya uchungu. Nilipotazama, mfupa ulikuwa nje ya ngozi, mweupe, na vumbi juu yake. Nilijikojolea. Naliweka wazi kwa sababu nyinyi wanaume mliokaa hapa na vyuma miguuni mnasimulia ajali zenu kama vile hamkujikojolea.

Watu walikuja mbio. Wakauliza ni nini. Nami Fundi Imeshika, mfupa ukiwa nje, nikasema, "Lori limenisukuma."

Hiyo ndiyo hadithi iliyotembea Malaba nzima.

Kaka yangu Ekisa hakutaka hospitali. "Huko watakata tu," alisema, akanipeleka kwa mzee anayeunga mifupa. Mzee alivuta mguu mpaka nikazimia. Nilipozinduka alikuwa ameurudisha mfupa ndani, vumbi na yote, amepaka samli na unga wa mizizi na kuubana kwa vipande vya mianzi. Baada ya wiki mbili kidonda kilifunga. Ngozi nyororo kabisa. Mzee alibonyeza kwa kidole gumba, akatabasamu, akasema, "Imeshika."

Nilifurahi! Nilimwamini kwa sababu lilikuwa neno langu.

Wiki ya tatu homa ikaja. Mguu ukavimba, ngozi ikang'aa, na siku moja nikiwa naoga ikapasuka yenyewe. Usaha ulitoka, ukajaza ndoo ndogo karibu nusu, kisha kitu cheusi kama mbegu za papai. Mke wangu Nafula, ambaye ni Mmarachi wa huku Busia na hana subira na upuuzi, hakumwuliza Ekisa wala mimi. Aliita teksi, probox, wakanitupa kiti cha nyuma, tukaja hospitali hapa Busia.

Daktari alikuwa msichana, umri wa kuwa binti yangu. Alibonyeza, akanusa, akaniuliza, "Nani alikuambia umepona?"

"Mzee alisema imeshika."

"Juu ndiyo imeshika. Ndani imeoza, na imeoza kwa sababu hakuna mtu aliosha." Hakuwa na huruma hata kidogo kwenye sauti. "Kesho nafungua. Nikikuta imefika goti, nakata hapo juu. Nikikuta haijafika, tunasafisha na tunajaribu. Saini hapa."

Nilisaini. Nafula alikaa akiushika mguu wenyewe, si mkono wangu, kana kwamba ndio anaouaga.

Haikuwa imefika goti. Walikwangua mfupa, wakaacha kidonda wazi, wakanirudisha chumba cha upasuaji mara mbili zaidi. Halafu ikaja siku ya kunifunga vyuma vya nje, ile fremu mnayoijua, misumari inayopita kwenye nyama hadi mfupani. Ilikuwa Jumatatu. Sista huyu huyu aliyesimama pale mlangoni alikuwa akiuandaa mguu. Alipangusa kwa spiriti, akatupa pamba. Akachukua pamba mpya, akapangusa tena. Ya tatu nikamtania.

"Sista, utaimaliza hii ngozi."

"Nikipaka dawa juu ya uchafu," alisema, "nitakuwa nimepaka uchafu tu."

Niliona kitambaa changu cha petroli. Nikanusa mafuta ya taa palepale kitandani, naapa. Nikajua kwa nini yangu iliachia, na nikajua kwamba ya Mwalimu Felista iliunganishwa kwa kitambaa hicho hicho, alasiri hiyo hiyo, na kwamba kama bado inamshikilia ni kwa sababu yeye ni mwepesi.

Simu ilikuwa chini ya mto. Namba yake nilikuwa nayo.

Nilijiambia kwanza waniwekee vyuma. Jumanne nilikuwa na uchungu, sawa, nani angenilaumu? Jumatano nilishika simu. Nikafikiria Malaba ikinicheka, nikafikiria mafundi wenzangu niliowacheka miaka yote, na lori langu la uongo likigeuka kuwa gundi. Nikairudisha simu chini ya mto. Alhamisi nilikula vizuri.

Wiki iliyofuata Mwalimu Felista alikuja kuniona. Aliingia wodini na mfuko wa ndizi, amefunga leso mdomoni. Nafula alikuwa nyuma yake na hakuniangalia.

Alitoa leso. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na mdomo wa juu ulikuwa umeshonwa.

"Fundi, pole na mguu," alisema. Herufi zilikuwa zikimtoroka pale penye pengo. "Hii yangu nilipeleka kwa fundi ingine. Akaniambia hii bushi imetoka clean, gundi haikushika hata kidogo. Nikaenda kwako kuuliza. Nafula akanionyesha baiskeli yako. Hiyo pia imetoka clean."

Niliutazama ule mfuko wa ndizi.

"Nataka kujua tu kitu moja. Ulijua lini?"

Ningeweza kusema ndiyo kwanza nimejua sasa hivi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini Nafula aliinua macho.

"Jumatatu," nikasema.

Mwalimu alihesabu kwa vidole, taratibu, kama anavyohesabu na watoto wake. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Mimi nilianguka Ijumaa," alisema.

Akaweka ndizi juu ya kabati, akaenda.

Vyuma nilikaa navyo miezi minane. Nafula aliosha kila msumari kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Akifika mahali panaponiuma zaidi hakupunguza mkono. Namshukuru. Namshukuru daktari yule aliyenisema kama mtoto, na sista huyu na pamba zake tatu. Mungu naye nimemshukuru, ingawa sijui alikuwa anamtazama nani ile Ijumaa.

Nimeambiwa niwape moyo. Haya. Mguu uliooza unaweza kupona, mimi huyu hapa, nimekuja kwa miguu yangu kutoka stendi. Mfupa ukitoka nje njooni siku hiyo hiyo muoshwe, msisubiri ngozi nzuri. Usiku mtalia, mlie. Na kitu chochote kikilia tik chini ya mguu wako, shuka. Nikiletewa krenki ya kaboni siku hizi naivunja kwa nyundo mbele ya mwenyewe, anitukane akipenda.

Lile jina langu limekufa. Hakuna anayeniita hivyo tena.

Mwalimu Felista hakuweka meno ya bandia. Alinunua baiskeli ya chuma, nzito, ya kizamani, na hutengenezewa na fundi wa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi akipita kwangu hupunguza mwendo, hunisalimu kwa Kiteso, "Yoga, fundi," na hutabasamu mpaka mwisho ili nilione pengo lote. Mimi huacha kazi, nikasimama kwa mguu huu, nikamwitikia.