Kichwa cha Samaki kwa Kapteni

Asubuhi ile Papa, baba yangu, alitoka kwenye maporomoko na samaki mkubwa aliyenaswa katika mitego yake ya vikapu, akaniambia nimfunge kwenye majani, nipike liboke kwa ajili ya kapteni. Nilinuna. Kapteni huyo alikuwa wa jeshi la nchi jirani, nchi ndogo iliyoanza kujiona kubwa, na alikuwa ametuzoea kupita kiasi.

Alikula kwa adabu. Alisema nchi yake imekuja kutukomboa, Mwafrika amsaidie Mwafrika. Maneno matamu, nakiri. Kisha akanawa, akauliza tena kama barabara ya Bafwasende inapitisha malori, na dhahabu ya huko inachimbwa na nani. Mkombozi gani huyo? Hadi leo, wakubwa wapya wakija na hotuba za urafiki, mimi nangoja kusikia wanachouliza baada ya kunawa.

"Papa, huyu mutu iko na mambo yake," nilisema alipoondoka.

"Bon, nani hana mambo yake?" Papa akacheka.

Alikuwa amempa kichwa cha samaki. Nyumbani kwetu, mgeni akila kichwa amekuwa ndugu, na ndugu hainui mkono juu ya nyumba alimokula. Wiki moja kabla, Papa alimpa kichwa pia afisa wa jeshi la pili la kigeni, washirika wa kapteni. Alijiona ametukinga pande zote.

Haukupita muda, washirika hao wawili wakagombania mji wetu. Mabomu yalianza mchana.

Majirani walikimbilia msituni, upande wa Masako. Nilimvuta Papa mkono.

"Twende!"

"Walikula hapa. Wote wawili. Hawawezi kutupiga."

Nilimtukana, Mungu anisamehe. Nikaondoka na Mama.

Tuliporudi siku ya tatu, Papa alikuwa chini ya ukuta uliobomoka.

Kapteni alikuja mwenyewe. Alilia, na sikuona unafiki.

"Mzee alikuwa baba yangu," alisema. "Lakini daraja la mto tulilihitaji, na nyumba yenu ilikuwa njiani."

Alituletea mbao za jeneza. Nilitaka kumtupia usoni. Lakini Papa alikuwa amelala vile siku tatu, jua lilikuwa kali, na mji mzima haukuwa na mbao.

"Mwanangu," Mama alisema, "papa yako iko analala chini. Pokea."

Nikazipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante.