Tanzia ya Bi Bokoboko

Mahfoudha alinikataza waziwazi. Tulikuwa uani kwake, hapa Samad, Omani, tunatoa kokwa za tende, akaninyooshea kisu kama mwalimu anayenyoosha fimbo.

"Fawziya, siku nikifa, nitangaze kwa jina langu alilonipa baba. Ukinitangaza kwa lile jingine sikusamehe. Duniani wala akhera."

Nikacheka. Nikamwambia kwa roho yake ilivyo ngumu nitatangulia mimi, na yeye ndiye atakayepata tabu ya kunitangaza. Hakucheka. Alirudi kwenye tende zake, na mimi nikayasahau maneno yale mpaka siku nilipoyahitaji.

Lile jingine lilikuwa Bokoboko. Asiyekijua chakula hicho ni hasara yake: ngano na nyama, hupikwa usiku kucha na kupondwa mpaka usijue nyama ni ipi na ngano ni ipi. Unguja, kabla ya mapinduzi, katika harusi ya dada yake Mahfoudha, sufuria zima la bokoboko liliungua. Harufu ilifika mtaa wa pili. Wageni wakala mkate wa mofa na chai, na mimi niliyekuwa mtoto mdogo niliuona mkate ule mtamu kuliko harusi yenyewe. Mahfoudha, msichana wa miaka kumi na mbili hivi, ndiye aliyeachiwa mwiko. Alichapwa mbele ya wageni, na mtaa ukampa jina. Jina likavuka naye mpaka Omani. Ukimwita aliitika, lakini midomo kaibana. Sikukuu ikija, nyumba za jirani zikianza kunukia harisi, ambayo ni bokoboko hilohilo kwa Kiarabu, yeye hufunga dirisha.

Msidhani alionewa peke yake. Sote tuliotoka kule tulikuwa na majina ya namna hiyo. Huku tukapewa mengine: la baba, la babu, la kabila. Kwenye bataka, kile kitambulisho cha serikali, mimi ni mtu mkubwa sana. Lakini ukiniita kwa jina lile barabarani sigeuki.

Ndiyo yaliyomkuta Mzee Marhun, mwenzetu wa Unguja. Rafiki yake wa tangu chuoni, walipokuwa wakisoma juzuu moja kwa zamu, alifariki Nizwa. Watoto wa marehemu waliandika tangazo zuri la Kiarabu: Abdullatif bin fulani bin fulani. Mjukuu akamsomea Mzee Marhun naye anakula tende. "Allah amrehemu," akasema, akachukua tende nyingine. Hakumjua Abdullatif. Aliyemjua yeye alikuwa Msumeno. Alipokuja kuambiwa, azaa, yaani matanga, ilikwisha na mikeka imekunjwa. Nilimkuta amekaa nje ya msikiti, viatu mkononi, hajui avivae au la.

"Nimemrehemu rafiki yangu kama mpita njia," aliniambia.

Naye hakukaa sana, akamfuata. Mungu awarehemu wote wawili.

Mahfoudha jambo lile lilimkaa kooni. Alikuwa mjane, mshona kofia. Kofia zake za kudarizi zilivaliwa na mabwana harusi wa Samad na Ibra, na watoto wawili, Adil na Yazeed, aliwasomesha kwa sindano. Hakuwa na cheo chochote. Lakini alimwambia mjukuu wake Lamya amfungulie kundi la Wasap, akaliita Watu wa Kwetu, na kuanzia hapo hakuna mtu wa kwetu aliyekufa kati ya Nizwa na Sur bila ya sauti yake kututangazia.

"Jamani, kazi ya Mungu haina makosa," huanza hivyo. "Pakacha ametutoka. Yule wa Malindi, wa baiskeli ya kengele mbili, hapiti mlango wa mtu mpaka azipige zote. Kazikwa Ibra leo. Azaa kwa mwanawe, nyuma ya kituo cha mafuta. Mwenye gari amchukue asiye na gari."

Watu wakaenda. Wazee waliokuwa hawajatoka nje miezi wakavalishwa kanzu wakapakiwa garini. Kwetu kaburi ni mawe tu, halina maandishi, kwa hiyo jina la mtu likae wapi kama si mdomoni mwa wenzake? Adil, ambaye ana kazi kubwa Maskati na adabu kubwa zaidi, hakupenda.

"Mama, hawa ni marehemu. Aibu kuwaita Pakacha."

"Mtu ni watu, mwanangu," mama akamjibu. "Na watu wanamjua Pakacha."

Wakati mwingine alinichosha, nasema kweli. Ananipigia simu nimeshika vitunguu, anataka kujua kama yule marehemu wa Sur alikuwa Kipanga au mdogo wake Kipanga. Leo natamani anipigie. Vitunguu viungue.

Aliondoka mwezi wa pili mwaka jana. Alianguka jikoni baada ya sala ya alfajiri, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa. Adil akaandika tangazo. Nchi hii mwanamke hutangazwa kwa wanawe, basi likasema: amefariki mama mzazi wa Adil na Yazeed, na jina la kabila chini yake. Hata Mahfoudha halikuwamo.

Mimi nilikumbuka kisu na tende. Nikachukua simu yangu, nikatimiza amri. "Jamani, kazi ya Mungu haina makosa. Mahfoudha binti Said wa Samad ametutoka. Azaa nyumbani kwake." 

Majibu yakaja. Allah amrehemu. Poleni wafiwa. Mwengine, mzee wa Ibra, akauliza, "Na Bokoboko mbona hatangazi yeye leo? Anaumwa?"

Niliizima simu. 

Siku ile na ya pili yake nyumba ilijaa, usiseme. Wake za wakubwa wa kazini kwa Adil, abaya zinanukia udi, wanakunywa kahawa na kusikitika kwa adabu. Mmoja akaniuliza kwa upole marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mtu mzuri, maana ningeanzia wapi? Kila mlango ulipofunguliwa niligeuka, na kila mara hakuwa mtu wa kwetu. Mwanamke aliyetukusanya kwenye misiba yetu yote, kwenye msiba wake hakuna wa kwetu aliyekuja. Niliona uchungu mpaka nikakasirika naye, maiti, kwa kunifunga mdomo.

Jioni ya siku ya pili akaingia Fatma. Fatma alitoka Jaalan Bani Bu Ali, kashikwa na wajukuu wawili, magoti hayana kazi tena. Alikuwa yatima, mama yake Mahfoudha akamlea Unguja, wakalala kitanda kimoja yeye na Mahfoudha. Katika sisi sote, Fatma peke yake hakuwahi kulitamka lile jina la utani. Mimi nikidhani ni heshima.

Alitazama chumba kizima, akanong'ona, "Watu wako wapi?"

"Hawajui kama ni yeye," nikamwambia. "Alinikataza nisimtaje kwa lile jina. Kasema hanisamehe."

Fatma alikaa chini taratibu. Alilia kwanza. Kisha akanishika mkono.

"Hakukataza kwa ajili yake, shoga. Kakataza kwa ajili yangu. Mwiko nilikuwa nao mimi."

Nikamsogelea, wageni wasisikie.

"Niliachiwa moto mimi," akasema. "Nikasikia ngoma, nikatoka kumwangalia bibi harusi. Niliporudi limeshika chini, moshi mtupu. Ami yangu wa Pemba alikuwa palepale harusini, na mama alishasema nikifanya kosa jingine narudi kwake. Wewe ulikuwa mdogo, hujui nyumba ile ya ami ilikuwaje. Mahfoudha akanipokonya mwiko. Watu walipoingia, kaushika yeye."

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Kila mwaka nilitaka kusema. Ananambia, nyamaza wee, jina limeshanizoea. Lakini alijua siku ya kufa kwake mkilitaja jina mtahadithia na sufuria, na mimi nitasikia. Basi." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mtangaze, Fawziya. Mimi ndiye ninayekupa ruhusa, jina ni langu."

Lamya alikuwa karibu, mtoto wa watu, Kiswahili chake cha kuokoteza, hakufahamu yote lakini alifahamu ya kutosha. Akanipa simu yangu. "Sema, bibi. Sema vile yeye alikuwa anasema."

Nikasema. "Jamani, kazi ya Mungu haina makosa. Bokoboko ametutoka. Bokoboko wetu." Nikampa Lamya simu, akamalizia yeye kutaja nyumba.

Walikuja siku ya tatu. Walikuja kutoka Nizwa, Ibra, Sur, mpaka Ras al Hadd, na bakora zao na vigari vya kusukumwa. Wanaume walimjazia Adil sabla yote, ukumbi wa wageni, na kila mzee aliyempa mkono alimwambia, "Pole mwanangu, tumekuja kwa Bokoboko." Nilimwona kupitia mlango. Mwanzo aliona haya, uso ukamwiva. Halafu nikamsikia na yeye, mtu wa adabu zake, anamjibu mzee mmoja kiziwi kwa sauti kubwa, "Ndiyo, ami. Mimi mtoto wa Bokoboko." Akalia mbele za watu.

Kabla ya kuondoka Fatma alinivuta. "Mama hakumchapa aliyestahili," akasema. "Siku yangu ikifika, nirudishie jina langu."

Imefika wiki iliyopita, Jaalan, usingizini. Mwanawe alinipigia mimi kwanza. Nilikaa uani mwa Mahfoudha, pale tulipokuwa tukitoa kokwa za tende, nikashika simu.

"Jamani, kazi ya Mungu haina makosa. Bokoboko ametutoka."

Mzee wa Ibra akajibu upesi, kwa hasira kidogo. "Fawziya, umri umekuchezea? Bokoboko si tulimzika mwaka jana?"

"Yule alikuwa akimbebea jina," nikamwambia. "Huyu ndiye mwenyewe."