Harusi Iliyopimwa kwa Mikungu

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, elimu yangu kidato cha nne, ila kiherehere ninacho. Dada yangu ana studio ya picha Nkwenda, na gigabaiti zilikuwa zinamchanganya. Basi kile kiprogramu cha kompyuta yake kinachoendeshwa kwa kuandika amri, kinachoonyesha kila folda imekula nafasi kiasi gani kwenye diski, nikakiongezea kipimo chetu: gigabaiti moja, mkungu mmoja wa ndizi. Pungufu ya hapo kiliandika sifuri. Diski ilipojaa nikasahau hilo, nikafuta sifuri zote, nikidhani ni folda tupu.

Jana akaja mama wa bibi harusi kutoka Bugomora, kuchukua picha za harusi.

"Fundi wangu huyu, atakupa picha zako," dada akajigamba.

"Shikamoo mama. Hazikufika mkungu, nikazifuta."

"Kwenu chana ya ndizi mnaitupa, kisa haijafika mkungu?"